Taa ya Mbali Inayoonekana Mara Mbili

Mtu akisimama kando ya Ziwa Kivu wakati wa mchana, pahali ambapo maji ni machache na safi, aweza kuona jambo ambalo watoto wa ziwani hulijua wote pasipo kulitia maanani. Chini ya maji, juu ya mchanga, mistari ya mwangaza inachezacheza kama nyavu. Jua ni moja, wala halitikisiki. Mchanga nao umetulia. Lakini mawimbi madogo yapitayo juu yanaikunja nuru, hapa yakiikusanya, pale yakiitawanya. Jiwe dogo jeupe lililo chini, likifikiwa na mmoja wa mistari ile, lang'aa ghafula. Mstari ukipita, larudi katika hali yake ya kwanza. Mtu asiyeyaona maji angesema: "Jiwe lile limewaka, kisha limezimika." Kumbe jiwe halikufanya neno lo lote!

Twawaomba wasomaji waishike picha hiyo, kwa maana leo twataka kueleza habari ya taa iliyo mbali sana mbinguni, na ya watu waliokesha miaka mingi wakiilinda na kuandika mng'ao wake usiku kwa usiku. Walitaka kujua neno moja: taa ile ikizidi kung'aa, je, ni yenyewe iliyowaka, au ni kitu fulani kilichopita njiani mbele yake?

Kwamba nuru hupindwa na uzito wa kitu kikubwa, hilo lilionekana kwa macho mwaka 1919. Albert Einstein alikuwa amekwisha kuandika, tangu mwaka 1915, kwamba nuru ya nyota ipitayo kando ya jua lazima ipinde kidogo. Tarehe 29 Mei 1919 jua lilipatwa lote, na Waingereza walikuwa wamekwisha kutuma watu pahali pawili: Sobral katika nchi ya Brazili, na kisiwa cha Príncipe karibu na pwani ya Afrika, alikokwenda Arthur Eddington. Picha walizozipiga zilionyesha nyota zimesogea kidogo mahali pake, jinsi Einstein alivyosema. Kivuli kile kile kilichopita Príncipe kiliingia bara, kikavuka Kongo yetu, kikaenda kuishia upande wa Msumbiji. Katika wazee waliokuwa chini ya kivuli kile, nani angalijua kwamba giza la dakika chache lilikuwa likijibu swali kubwa namna hiyo?

Ikiwa uzito hupinda nuru, basi kitu kizito chaweza kuwa kama lensi, yaani kama kioo cha miwani. Mwaka 1936 Einstein mwenyewe aliandika habari ya nyota moja kuwa lensi ya nyota nyingine, lakini akaona hakuna tumaini la kuiona hali hiyo. Mwaka uliofuata Fritz Zwicky, Mswisi aliyefanya kazi California, alisema kwamba tusitazame nyota moja moja, bali galaksi, yaani yale makundi makubwa yenye nyota milioni elfu nyingi kama hili letu. Zwicky hakusikilizwa sana. Alifariki mwaka 1974, miaka mitano tu kabla neno lake halijatimia.

Lilitimia mwezi wa Machi 1979. Bwana Dennis Walsh, Mwingereza, alikuwa akitafuta kwa darubini vitu vilivyokwisha kusikika kwa mitambo ya redio, pamoja na wenzake Robert Carswell na Ray Weymann. Walikuwa Kitt Peak, mlima wa Arizona huko Marekani. Mahali pamoja, katika kundi la nyota liitwalo Dubu Mkubwa, waliona nukta mbili za samawati zilizo karibu sana. Tuseme ukaribu huo ulikuwaje: fimbo ya meta moja ikisimamishwa mbali kilometa 34, nafasi iliyopo kati ya ncha zake ndiyo nafasi iliyopo kati ya nukta hizo mbili. Walipoipitisha nuru ya kila nukta katika chombo cha kuitenga rangi zake, walistaajabu: nuru ya kwanza na ya pili zilikuwa sawasawa, kama nakala mbili za barua moja.

Nukta hizo zilikuwa kwasari. Neno hili ni jipya kwa wengi, basi tulieleze. Tangu mwaka 1963, alipoipima ya kwanza Mholanzi Maarten Schmidt, wataalamu wamejua kwamba kuna vitu vifananavyo na nyota lakini si nyota, navyo viko mbali kupita kiasi. Katikati ya galaksi fulani kuna shimo jeusi lenye uzito wa jua mamilioni kwa mamilioni. Hewa ya moto yalizunguka kama maji yazungukavyo shimo la mto, nayo kabla ya kumezwa yang'aa kupita nyota zote za galaksi ile. Nuru ya kwasari hii ya Dubu Mkubwa imesafiri kama miaka milioni elfu tisa kabla ya kufika kwetu. Njiani, kama milioni elfu nne kutoka hapa, iko galaksi kubwa. Hiyo ndiyo lensi. Kwasari ni moja, lakini nuru yake yatujia kwa njia mbili, huku na huku ya galaksi hiyo.

Mwanafunzi mmoja alituuliza darasani: "Mwalimu, ikiwa nuru zote mbili ni za kitu kimoja, kuna faida gani ya kuzitazama zote mbili? Si tutazame moja, tukalale?" Wenzake walicheka, lakini swali lake lilikuwa jema, nasi tulimjibu kwa mfano.

Mzee mmoja kijijini atuma wajumbe wawili kwa mwanawe aliye mjini. Waondoka asubuhi moja, nao wamepewa maneno yale yale. Wa kwanza afuata njia iliyo nyoofu. Wa pili apita bondeni katikati ya vijiji vingi, penye soko na watu wengi, akawiapo njiani. Afikapo, habari yake ni ile ile ya mwenzake, lakini imechelewa. Tena labda ameongeza maneno aliyoyaokota sokoni. Mwana afanye nini apate kujua maneno ya baba yake? Awasikilize wote wawili! Neno watakalolisema wote ndilo la baba. Neno asemalo mmoja peke yake, hilo ni la njiani.

Ndivyo ilivyo kwa kwasari hii. Mng'ao wake wenyewe hupanda na kushuka, na kila badiliko laonekana kwanza katika nukta moja, ambayo wataalamu waliiita A, kisha katika nukta ya pili, B, ambayo nuru yake hupita karibu zaidi na katikati ya galaksi na kukawia. Na yale maneno ya sokoni? Mwaka ule ule wa 1979 bibi mmoja Mkorea, Kyongae Chang, pamoja na Sjur Refsdal wa Norwe, waliandika kwamba galaksi si kioo kimoja safi. Galaksi imejaa nyota, na kila nyota ina uzito wake, basi kila nyota ni lensi ndogo ndani ya lensi kubwa. Nyota ikisogea mbele ya njia ya nuru, yaikusanya au yaitawanya, na nukta moja yabadilika mng'ao wakati nyingine haina habari. Hapo ndipo twarudi penye mchanga wa ziwa: nyota ni mawimbi, na kwasari ni kama jiwe jeupe.

Lensi hizo ndogo haziwezi kuonekana kwa darubini yo yote. Picha zinazogawanywa na nyota moja ziko karibu mno. Tukirudi katika ile fimbo ya meta moja, sharti tuisimamishe mbali kupita kiasi, tupate mfano wa udogo huo. Mtu hawezi kufanya neno ila kupima mng'ao, leo, kesho, na mwaka ujao, kwa maana nyota hizo hukawia miezi au miaka kupita. Ni kazi isiyo na haraka, wala haina sifa nyingi.

Aliyejulikana zaidi katika kazi hiyo ni Bwana Rudolph Schild, wa Marekani. Alianza kuipima kwasari ya Dubu Mkubwa mara baada ya kuvumbuliwa kwake, kwa darubini yenye kioo cha meta 1.2 juu ya Mlima Hopkins, Arizona, akaendelea miaka mingi. Usiku wenye mawingu haukumpa kitu. Mwezi mpevu uliififiza nukta. Tena kila mwaka iko miezi ambayo jua hukaa upande ule wa mbingu, na mtu hawezi kutazama hata kidogo. Basi daftari la kila mwaka lina pengo lake.

Mapengo hayo yalileta mashindano. Mwaka 1989 Mfaransa Christian Vanderriest na wenzake walipata kwamba B yakawia nyuma ya A siku 415. Schild naye hakuwa mbali na hesabu hiyo. Lakini mwaka 1992 William Press, George Rybicki na Jacqueline Hewitt, watu hodari wa hesabu huko Marekani, walizipima habari zile kwa njia nyingine, wakapata siku 536. Msomaji atasema: siku 120, hiyo ni nini katika mambo ya miaka milioni elfu? Ni kitu kikubwa. Refsdal alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1964 kwamba ukawiaji wa namna hiyo waweza kutumiwa kuupima ulimwengu: jinsi unavyopanuka, na kadiri gani. Kupanuka huko ndiko alikokueleza Padri Georges Lemaître wa Louvain mwaka 1927. Ukizidisha siku kutoka 415 hadi 536, ulimwengu wote watokea kuwa mkubwa zaidi kwa robo nzima na zaidi. Wala hakuna aliyeweza kumshinda mwenzake kwa maneno tu. Angalieni tena: siku 536 ni mwaka mmoja na nusu karibu. Mtu akiusogeza mstari wa A mbele kwa mwaka na nusu, sehemu zake zilizojaa zaangukia katika mapengo ya B. Pahali pasipo na kitu cha kulinganisha, ni vigumu kumwonyesha mtu kosa lake.

Basi likatokea jambo ambalo sisi twaliona kuwa zuri kuliko yote katika habari hii. Mwishoni mwa mwaka 1994 watu wa chuo cha Princeton, kati yao Tomislav Kundić na Edwin Turner, walikuwa wakiitazama kwasari hiyo kwa darubini ya meta 3.5 ya Apache Point, New Mexico. Mwezi wa Desemba nukta A ilififia ghafula, kama sehemu moja ya kumi ya mng'ao wake. Hawakungoja. Mwaka 1995 walipiga chapa maneno yao, wakisema mbele ya wote: ikiwa waliosema siku 415 wana haki, B itafifia namna hii hii mwezi wa Februari 1996, ikiwa waliosema siku 536 wana haki, itafifia katikati ya mwaka huo. Wakarudi kukesha.

Jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kutendeka tangu zamani zisizohesabika, na nuru yake ilikuwa njiani, karibu sana na kufika. Hapakuwa na mtu wa kuiharakisha wala wa kuizuia. Kila upande ulikuwa umekwisha kuandika neno lake, na karatasi zilikuwa mikononi mwa watu wote.

Februari 1996 B ikafifia. Kwa hesabu zote, ukawiaji ulikuwa siku 417, na kosa lisilozidi siku tatu. Ulipofika wakati wa siku 536 na siku za karibu nazo, B haikuonyesha kitu. Mashindano ya miaka mingi yakaisha.

Tangu hapo kazi ya kuyatenga maneno ya baba na maneno ya soko iliweza kufanywa kwa hakika. Mtu huchukua mstari wa A, huusogeza mbele siku 417, huuweka juu ya mstari wa B, na kutoa kilicho sawa katika yote miwili. Kinachobaki ni kazi ya nyota za njiani. Kwa kwasari hiyo kilichobaki kilikuwa badiliko la polepole, la miaka. Schild alisema mwaka 1996 kwamba anaona pia mitikisiko midogo ya haraka, akadhani galaksi imejaa vitu vidogo kama sayari vinavyotangatanga bila jua. Neno hilo lilivuma. Lakini wengine walipozilinganisha picha za Apache Point, hawakuipata mitikisiko hiyo. Sisi twaona kwamba walinzi wawili ni heri kuliko mmoja, hata yule mmoja akiwa amekesha kuliko wote.

Kwasari nyingine iko katika kundi la nyota la Pegasus, nayo haihitaji kungojwa miezi 14. Ilivumbuliwa mwaka 1985 na John Huchra na wenzake. Hapo galaksi iko karibu, kama miaka milioni 500 ya nuru, na kwasari iko nyuma yake kabisa, zaidi ya milioni elfu nane. Nuru yatujia kwa njia nne, na nukta nne zimepangwa kama msalaba kulizunguka kitovu cha galaksi. Kwa hiyo wauita Msalaba wa Einstein. Kwa kuwa njia zote nne zalingana karibu sawasawa, kwasari ikibadilika yenyewe, nukta zote nne hubadilika karibu pamoja, bila kupita siku nyingi. Nukta moja ikibadilika peke yake, basi bila shaka ni nyota iliyopita. Tena nuru ile yapenya katikati ya galaksi, pahali penye nyota tele. Ni kama kupita sokoni siku ya soko kubwa.

Mwaka 1989 Bwana Mike Irwin na wenzake walitangaza kwamba nukta moja ya Msalaba ilikuwa imeng'aa peke yake. Ilikuwa mara ya kwanza neno la Chang na Refsdal kuonekana kwa hakika. Tangu mwaka 1997 wataalamu wa chuo cha Warsaw, wakiongozwa na Andrzej Udalski, waliupima Msalaba kwa miaka kumi na zaidi huko Las Campanas, milima mikavu ya Chile. Mwaka 1999 waliona nukta mbili, moja baada ya nyingine, zikipanda sana na kushuka, kila moja kwa wakati wake.

Na faida yake? Jiwe dogo sana chini ya maji, mstari wa nuru ukilipitia, huwaka na kuzima upesi. Jiwe pana huchelewa, na mng'ao wake huzidi kidogo tu, kwa kuwa mstari hulifunika sehemu kwa sehemu. Basi mtu aweza kujua upana wa jiwe kwa kulitazama tu linavyowaka, hata asipoweza kuliona umbo lake. Kwa njia hiyo hiyo walipima ile sahani ya moto inayozunguka shimo jeusi. Waliona kwamba nuru ya samawati, inayotoka penye moto mkali ndani, hubadilika zaidi kuliko nuru nyekundu inayotoka nje, penye ubaridi kidogo. Yaani sehemu ya samawati ni ndogo zaidi. Hivyo ndivyo vitabu vilivyokuwa vikisema. Lakini upana wenyewe ulitokea kuwa mkubwa mara kadhaa kuliko vitabu vilivyosema, na jambo hilo wangali wanalitafutia maelezo.

Walinzi wamezidi. Tangu mwaka 2004 Waswisi, wakiongozwa na Frédéric Courbin, wamezipima kwasari nyingi za namna hii kwa darubini yao iliyoko La Silla, Chile. Darubini ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven, katika kisiwa cha La Palma, ilifanya kazi hiyo pamoja nao. Nyingi za darubini hizo ni ndogo, kioo chake kina meta moja na kidogo. Darubini kubwa haina nafasi ya kutazama nukta moja kila juma kwa miaka 15. Huko Chile pia imejengwa darubini kubwa iliyopewa jina la Vera Rubin. Ilitoa picha zake za kwanza mwaka 2025, nayo imekusudiwa kupiga picha za mbingu yote ya kusini tena na tena muda wa miaka kumi, na katika picha hizo watatafuta kwasari za mara mbili na za mara nne zilizo nyingi kuliko zote zilizojulikana.

Wanafunzi wataka daima kujua mahali. Mwezi wa Aprili, kama saa tatu ya usiku, tazameni upande wa kaskazini: Dubu Mkubwa huonekana hapo, amelala chali juu ya milima, na kwasari ya siku 417 iko upande wa kushoto wa nyota zake saba. Jicho tupu halitaiona. Msalaba wa Einstein nao, katikati ya mwezi wa Oktoba na saa ile ile, hupita juu kabisa ya Kongo yetu. Mtu aliye Kisangani akiinua uso wima, ameutazama karibu kabisa.